Maji meupe, shati la kahawia: chuma kinavyojificha ndani ya ndoo

Chukua ndoo ya maji kutoka kisima kifupi cha bondeni, hapa Hamugembe au mahali pengine popote Bukoba penye kinamasi karibu. Yaangalie. Meupe kabisa, unaona mpaka chini ya ndoo. Sasa tia sabuni ya unga, loweka shati jeupe la shule, nenda kamenye ndizi, halafu rudi. Kama kisima ni cha aina ninayoisema, shati limepata rangi ya chai ya maziwa. Unaongeza jiki ili ling'ae, na hapo ndipo mambo yanapoharibika: madoa yanakolea, yanakuwa ya kutu kweli kweli, na hayatoki tena.

Lawama ya kwanza huenda kwa sabuni. Utasikia "siku hizi wanachakachua". Lakini sabuni haina kosa, na jiki pia haina. Kilichochafua shati kilikuwa ndani ya ndoo tangu mwanzo, wakati ule ule maji yalipokuwa meupe. Ni chuma. Sabuni imekitoa mafichoni tu.

Ili tuelewe kimetokaje, inabidi tuulize swali linaloonekana la kitoto: kitu kigumu kinawezaje kutokea ndani ya maji ambayo hayana kitu kigumu?

Anza na chumvi. Lita moja ya maji ya kawaida inaweza kubeba takriban gramu 360 za chumvi ya mezani. Ukifika hapo maji yameshiba. Ukiongeza kijiko kingine, koroga utakavyo, kitabaki chini. Na usidhani ile chumvi ya chini imelala: chembe zake, zile tunazoziita ioni, zinaendelea kutoka kwenye punje na kuingia majini, na nyingine zinarudi kutoka majini kukaa kwenye punje, kwa kasi ile ile. Yaani kuna mlango unaopitisha watu wengi wanaoingia na wengi wanaotoka, ila idadi ya waliomo ndani haibadiliki.

Kitu kigumu kinachojitenga na maji tutakiita mashapo. Kinatokea pale kilichomo majini kinapozidi kiwango ambacho maji hayo, katika hali hiyo, yanaweza kukibeba. Maneno "katika hali hiyo" ndiyo yenye uzito, kwa sababu mpaka unaweza kuvukwa kwa njia kadhaa. Unaweza kupunguza maji: kule Uvinza, Kigoma, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja mpaka chumvi ikakosa pa kukaa. Unaweza kubadili joto: birika la Dodoma linaota gamba jeupe ndani kwa sababu maji ya visima vya kule yana kalisi nyingi, na ukiyachemsha hewa ya kaboni inatoroka na kalisi inageuka chokaa na kuganda. (Birika linalochemshia maji ya Ziwa Victoria halisumbuki hivyo. Ziwa lina kalisi kidogo sana.) Na unaweza kufanya jambo la tatu, ambalo ndilo la shati letu: ukaacha maji yalivyo, joto lilivyo, ila ukakibadili kile kilichomo kiwe kitu ambacho maji hayawezi kukibeba.

Chuma kina sura mbili majini. Sura ya kwanza ni chembe iliyopoteza elektroni mbili, tuiite chuma-mbili. Hii maji huibeba bila shida, na kwa viwango vya kwenye visima haina rangi unayoweza kuiona. Sura ya pili imepoteza elektroni tatu, tuiite chuma-tatu. Anayechukua ile elektroni ya tatu ni oksijeni ya hewani. Na chuma-tatu maji hayaitaki kabisa. Katika maji ya kawaida, yasiyo na uchachu wala magadi, chuma-tatu iliyobaki huru, haijashikana na chochote, ni chembe milioni chache tu kwa lita nzima. Milioni chache inasikika kama nyingi, lakini punje moja ya chumvi ina chembe mabilioni ya mabilioni. Kwa hiyo karibu yote inashikana na maji, inakuwa haidroksaidi ya chuma, kitu cha kahawia, laini kama uji, ndugu wa damu wa kutu.

Kama ulifanya praktiko ya kemia kidato cha nne, umeshaziona sura zote mbili kwa macho yako. Unadondosha sodiamu haidroksaidi kwenye myeyusho wa chuma-mbili, yanatokea mashapo ya kijani kichafu. Unaweka testitubu pembeni unaendelea na kazi nyingine, na ukirudi, sehemu ya juu imeanza kuwa kahawia. Wengi tulikariri "kijani kichafu" tukapata maksi zetu. Hakuna aliyetuambia kwamba ile kahawia ya juu ndiyo habari yenyewe: imeanzia juu kwa sababu hewa inaingilia juu.

Sasa, kwa nini Bukoba?

Mvua. Mji huu unapata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Mvua hiyo imekuwa ikiosha udongo juu ya mawe ya mchanga kwa muda mrefu sana, imebeba kalisi na magnesiamu ikapeleka ziwani, ikaacha udongo wenye asidi. Mkulima wa hapa hahitaji maabara kulijua hilo. Anajua tofauti ya kibanja, ambako migomba imelishwa samadi na matandazo vizazi kwa vizazi, na rweya, ambako nyasi ndizo zinazoota bila kubembelezwa. Kilichobaki kwa wingi katika udongo uliooshwa hivyo ni kile ambacho maji hayakiwezi: chuma-tatu na alumini. Ndiyo maana barabara zetu ni nyekundu.

Lakini teremka bondeni, kwenye kinamasi. Huko majani na mafunjo yanaoza ndani ya maji, na vijidudu vinavyoozesha vinatumia oksijeni yote mpaka inaisha. Ikiisha, baadhi yao wanageukia chuma chenyewe: wanairudishia chuma-tatu ile elektroni, inakuwa chuma-mbili, na ghafla kile kilichokuwa udongo mwekundu kinayeyuka na kutembea na maji ya chini ya ardhi. Kisima kifupi kikichimbwa hapo kinanyonya maji hayo. Hayajaonana na hewa bado, kwa hiyo ni meupe.

Ukitaka kuona mpaka wenyewe ukivukwa, tafuta mfereji ambapo maji ya kinamasi yanatokeza. Utakuta ute wa rangi ya chungwa umelala chini, na juu ya maji utando unaong'aa rangi rangi kama mafuta ya taa. Watu hudhani kuna gari limemwaga oili. Chukua kijiti uuguse. Utando wa mafuta unajifunga tena mara moja. Huu wa chuma unavunjika vipande vipande kama gamba na vipande vinabaki vimeachana. Hapo ndipo chuma-mbili inapokutana na hewa, na kuna bakteria wanaoishi kwa kazi hiyo.

Nikiri kwamba napenda sana kilichofanywa na mkoa huu kwa chuma hicho. Kule Katuruka, Maruku, kusini mwa mji, wanaakiolojia wakiongozwa na Peter Schmidt walichimba kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakakuta mabaki ya ufuaji chuma ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mahali ambapo masimulizi ya Wahaya yalikuwa yameshapataja: pale kwenye mti wa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma. Ile moramu ngumu ya vilimani ni chuma kilichoyeyuka, kikatembea, kikatoka kwenye maji na kuganda, tena na tena. Kinachokuudhi kwenye beseni leo ni ndugu wa kile kilichotengenezewa majembe.

Turudi kwenye beseni. Kama hewa ndiyo inayogeuza chuma, mbona ndoo inaweza kukaa wazi saa nzima na maji yakabaki meupe, lakini sabuni ikitiwa tu yanachafuka?

Jibu ni uchachu wa maji. Kasi ya oksijeni kuichukua ile elektroni inategemea sana kipimo cha pH. Kwa maji ya kawaida, pH ikipanda hatua moja, kasi inaongezeka kama mara 100. Siyo mara mbili, mara mia. Kwenye pH ya 7 kazi inakwenda kwa dakika. Kwenye 6 inachukua saa kadhaa, na kwenye 5.5 inaweza kufika siku. Maji ya udongo wenye asidi yako huko chini, kwa hiyo chuma kinajivuta. Sabuni ya unga inapandisha pH hadi 9 au 10, na kilichokuwa cha kesho kinatokea sasa hivi. Majivu yanafanya hivyo hivyo. Jiki ina nguvu maradufu, kwani yenyewe inanyang'anya elektroni moja kwa moja, haisubiri hewa. Kuchemsha nako kunasaidia chuma kutoka, maana hewa ya kaboni inayoyapa maji uchachu inakimbia. Ndiyo lile vumbi jekundu unaloliona chini ya sufuria.

Na mbona doa linakaa ndani ya uzi, halielei tu na kumwagwa na maji machafu? Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi vya shule vinaliruka. Kuvuka mpaka hakutoshi; mashapo yanahitaji pa kuanzia. Chembe chache zikikutana katikati ya maji na kushikana, kikundi hicho ni kidogo mno na karibu kila chembe iko nje, pembeni, inavutwa na maji pande zote. Kinasambaratika. Kinaundwa kingine, nacho kinasambaratika. Ni mpaka kikundi kibahatike kufikia ukubwa fulani ndipo kukua kunakuwa rahisi kuliko kuvunjika. Sasa, kukiwa na kitu kigumu tayari, vumbi, mkwaruzo kwenye ndoo, uzi wa pamba, chembe zinapata mahali pa kujiegemeza na ule mlima wa mwanzo unakuwa kifungo tu cha kupanda. Kwa haidroksaidi ya chuma shati la pamba ni kama kijiji kizima cha nyumba tupu. Na mashapo yakishaanza yanavutia mengine, kwa sababu uso wa kahawia wenyewe unaharakisha kugeuka kwa chuma kipya.

Doa likishaingia, dawa yake ni kurudi nyuma: ongeza uchachu ili maji yaweze kulibeba tena. Ndimu na chumvi, kisha juani, ni mbinu ya akina bibi na kemia yake ni safi kabisa, kwani asidi ya ndimu pia inakikumbatia chuma kisigande upya. Suuza vizuri kwanza kama ulishatia jiki. Jiki ikichanganyika na ndimu au siki inatoa gesi ya klorini, na hiyo siyo ya kuchezea ndani ya bafu dogo.

Lakini shati ni jambo dogo. Mkolezo wa chuma unaoanza kutia madoa na kubadili ladha ni kama miligramu 0.3 kwa lita, na kwa kiwango hicho hakuna anayeugua. Hatari inakuja kwa mlango mwingine. Kijiji kinachimbiwa kisima kirefu, salama, hakina vimelea. Maji yake yanafanya chai iwe nyeusi kama wino (na kweli ni wino: chuma na tanini ndivyo wino wa zamani ulivyotengenezwa), ndizi zinatoka sufuriani na weusi wa ajabu, nguo zinaharibika. Baada ya miezi michache kinamama wamerudi mtoni au kwenye dimbwi, ambako maji ni matamu na yana kipindupindu. Pampu inabaki imesimama. Hili limetokea sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Magharibi, na mara nyingi wahandisi huandika "watu hawakuelimishwa vya kutosha". Mimi nadhani watu walikuwa wameelewa vizuri sana. Maji yalikuwa mabaya kwa kazi walizonayo.

Basi, kama unajua kinachokitoa chuma majini, chagua wewe kitokee wapi. Kitoke kwenye mchanga kabla hakijatoka kwenye shati.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme maji yako yana miligramu 5 za chuma kwa lita. Ndoo ya lita 20 ina miligramu 100, ambazo zikitoka zote zitakuwa karibu miligramu 190 za haidroksaidi, kama theluthi moja ya uzito wa kidonge kimoja cha panadoli. Oksijeni inayotakiwa ni kidogo mno: miligramu moja inatosha chuma miligramu 7. Maji yaliyokutana vizuri na hewa hubeba oksijeni kama miligramu 7 kwa lita, yaani mara kumi ya mahitaji. Kwa hiyo huhitaji mashine. Toboa matundu madogo chini ya ndoo ya plastiki, iweke juu ya nyingine, maji yanyeshe kama mvua. Kunyesha huko kunaingiza oksijeni, lakini faida kubwa zaidi, kwa maji ya kwetu, ni kwamba kunafukuza hewa ya kaboni, na pH inapanda. Yaache yatulie, bora usiku mzima, kisha yapitishe kwenye mchanga.

Kuna vizuizi viwili. Cha kwanza: kila chembe ya chuma inayogeuka na kuganda inaacha asidi majini. Maji ya Dodoma yenye kalisi na bikaboneti nyingi yanaimeza asidi hiyo bila kutikisika. Maji ya Bukoba hayana akiba hiyo, kwa hiyo kazi inaanza vizuri halafu inajikaba yenyewe. Kokoto za chokaa ndani ya chujio zinatibu hilo. Cha pili: mashapo machanga ni madogo mno, yanaelea, maji yanabaki na unjano na yanapenya kitambaa. Hapo shabu kidogo inasaidia. Nayo inaganda majini, inakuwa mawingu meupe ya alumini yanayozoa vile vidogo na kuzama navyo.

Halafu mchanga. Usiuoshe mpaka uwe mweupe kama mpya. Mchanga uliopakwa kahawia unafanya kazi vizuri kuliko uliotoka dukani, kwa sababu ile niliyosema ya pa kuanzia. Osha tope la juu linaloziba, acha rangi. Na kumbuka chujio hili limeshughulika na chuma tu. Maji ya kunywa bado yanachemshwa au yanatiwa dawa.

Kabla hujajenga chochote lakini, uliza chuma kinatoka wapi. Maji yenye pH chini ya 6.5 yanakula mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, yale yanayoshuka ndani ya kisima cha pampu ya mkono. Otto Langenegger aliandika juu ya hili kwa Benki ya Dunia mwaka 1994, akionyesha kwamba visima vingi Afrika vilivyosemwa vina chuma cha ardhini vilikuwa vinakula pampu zao. Jirani zetu wa Uganda, baada ya miaka ya malalamiko, walisimamisha matumizi ya mabomba hayo kwenye visima vya pampu za mkono mwaka 2016.

Kipimo chake unaweza kukifanya na chupa mbili za plastiki zisizo na rangi. Alfajiri, kabla mtu yeyote hajapampu, jaza chupa ya kwanza kwa maji ya mwanzo kabisa yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha. Kisha pampuni mfululizo, waiteni watoto na madumu yao, na baada ya dumu la ishirini au thelathini jaza chupa ya pili. Tia kila moja chembe sawa za sabuni ya unga, tikisa, ziweke dirishani mpaka jioni. Zote zikiwa na kahawia ile ile, chuma kiko ardhini na chujio ndilo jibu. Ya kwanza ikiwa kahawia na ya pili ikabaki karibu nyeupe, bomba linaliwa, na fedha za chujio zipelekwe kununua mabomba ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu.